SOMO: Kubana fundo la nywele kwa pini zisichomoke

Wapendwa, kila wiki naulizwa hapa na saluni kwangu Mwanga, dada pini zangu mbona zinatoka zenyewe. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrudisha hapa.

1. Chana, paka mafuta ya nywele kidogo tu. Nywele zikiteleza pini haishiki.
2. Funga reba, zungusha fundo lako kisogoni.
3. Kagua pini. Kile kitone cha ncha kikishabanduka, tupa.
4. HAPA NDO PENYEWE. Pini ina mguu ulionyooka na mguu wa mawimbi. Mawimbi yanakaa chini, upande wa ngozi. Halafu usichomeke moja kwa moja, ncha ielekeze nje kwanza, inase nywele chache za ukingo wa fundo, ndo uigeuze uisukume ndani kuelekea katikati mpaka izame, utasikia imekaza. Mimi mwaka juzi nilimbana msimamizi wa bi harusi kule Ujiji nikachomeka pini kama ishirini, zote moja kwa moja, mawimbi juu, na zingine hazina vitone. Kufika ukumbini fundo limelala shingoni, na kuzitoa nakuta mchubuko nyuma ya sikio, damu imegandia kwenye pini. Alinisamehe ila iliniuma sana. Kwa hiyo pini ikichoma wakati wa kuweka, ITOE hapohapo. Na usifungulie kwa meno, inapanuka inakosa nguvu, vitone navyo vinabanduka. Nne zilizokaa vizuri zinatosha.
5. Pakigoma kushika, pishanisha mbili kama X.
6. Usiku toa zote.

MASWALI

Mama Wawili: Asante dada, sasa mawimbi juu au chini?
— Chini. Namba 4.

Kijana wa Kibirizi: Nimemjaribishia wife, haishiki, hizi mbinu za uongo
— Uliigeuza baada ya kunasa ukingo?
Kijana wa Kibirizi: Sijasoma yote
— Soma kwanza kaka. Hii ndo kazi inayonilisha, siandiki uongo.

Binti Mwandiga: Shikamoo dada, naomba kuelewa, kwa nini mawimbi yakae chini? Na nywele zangu fupi halafu nzito
— Marahaba mdogo wangu, umeuliza vizuri. Nywele zinaingia kwenye yale mabonde zinabanwa, ule mguu ulionyooka unateleza tu. Kwa nywele nzito chukua pini ya U, miguu yake imeachana, inabeba nywele nyingi bila kuzikaba. Na kwa fupi, pulizia spray ya nywele kwenye pini zenyewe, ziache zikauke ndo uchomeke, zinakuwa na mkwaruzo kidogo. Ila reba usikaze kila siku, nywele za mbele zinakatika, na ukiendelea miaka haziwezi kurudi.
Binti Mwandiga: Nimeelewa, Mungu akubariki

Mama Wawili: Zangu zinapata kutu
— Unaoga nazo ziwani? Ukienda kuogelea tumia kibanio cha plastiki.

Bibi Harusi Mtarajiwa: Mie zinapotea tu, kila Jumamosi nanunua paketi
— Nenda kwa fundi redio umuombe sumaku ya spika mbovu, weka kwenye kopo. Hata zilizodondoka chini ya kitanda unapitisha tu zinanasa.