Kumwandaa Binti Kabla ya Hedhi ya Kwanza: Mwongozo kwa Wazazi wa Moshi

Mwili wa msichana hutoa taarifa mapema. Dalili ya kwanza ya balehe kwa wasichana wengi ni kivimbe kidogo chini ya chuchu, kinachouma kikiguswa, ambacho aghalabu hutokea upande mmoja kwanza na wa pili ukafuata baada ya miezi kadhaa. Kivimbe hicho hujitokeza kati ya umri wa miaka 8 na 13, na hedhi ya kwanza hufika takribani miaka miwili hadi miwili na nusu baadaye. Mzazi anayesikia binti yake akilalamika kwamba kifua kinamuuma anapaswa, baada ya kumtuliza kwamba huo si uvimbe wa hatari, kuanza maandalizi tangu siku hiyo, hasa ikiwa binti anatarajiwa kwenda shule ya bweni.

Zamani mazungumzo haya waliachiwa bibi na shangazi. Palipo na shangazi anayeaminika ni vema ashirikishwe, lakini huenda yeye yuko Dar es Salaam na binti yuko Majengo, na mambo haya hayasubiri likizo ya Desemba. Muda mzuri ni ule ambao mikono ina kazi, kama vile wakati wa kumenya ndizi au kuchambua maharage, kwa kuwa mtoto haoni haya sana asipolazimika kumtazama mzazi usoni. Sentensi kama, "Mwanangu, nimeona mwili wako umeanza kubadilika, nataka nikueleze kinachokuja," inatosha kuanzia.

Mweleze kwa majina halisi ya viungo. Ubongo huchochea tezi ndogo iliyo chini yake, nayo huziamsha ovari, ambazo hutoa homoni ya estrojeni. Homoni hiyo ndiyo inayokuza matiti na kupanua nyonga. Kila mwezi yai moja hupevuka na kupita katika mrija kuelekea kwenye mfuko wa uzazi, ambao ukuta wake umejiandaa kulipokea, na yai lisiporutubishwa ukuta huo humomonyoka na kutoka kama damu kwa siku 2 hadi 7. Ongeza jambo ambalo wazazi wengi hulikwepa: yai linaweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kabisa, kwa hiyo msichana ambaye hajawahi kuona siku zake anaweza kupata mimba akijamiiana.

Sasa tuje kwenye vifaa. Pedi za dukani ni rahisi kutumia, ila bei yake huzielemea familia nyingi. Serikali iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2018, kisha ikairudisha mwaka 2019 kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Ndiyo maana nashauri binti awe na pakiti moja ya dukani kwa dharura na pedi za kufua zisizopungua sita. Flaneli ya shuka au ya nguo za kulalia za mitumba, kama zile zinazouzwa katika soko la Memorial, inafaa sana mradi ifuliwe vizuri kabla ya kushonwa.

Unapotengeneza pedi ya kufua, usishone tabaka zote pamoja. Tengeneza ala, yaani sehemu ya chini ya kushikilia kitambaa, yenye urefu wa sentimita 25 hivi, yenye mabawa mawili ya kufungia chini ya chupi kwa kifungo, na upande wake wa chini uwekwe kitambaa kisichopitisha maji; hata cha mwavuli mbovu kinafaa. Kisha kata vipande vya flaneli vya mraba, vizungushie pindo, na kila kimoja kikunjwe mara tatu na kupachikwa juu ya ala. Fundi yeyote wa cherehani ataelewa akionyeshwa mfano mmoja. Faida ya mpango huu huonekana wakati wa kuanika, kwa sababu kitambaa kilichokunjuliwa hukauka haraka kuliko pedi nene iliyoshonwa tabaka nne.

Kukausha ndiko kwenye tabu, hasa kwa wakazi wa Kibosho, Marangu na vijiji vingine vya mlimani, ambako mwezi Julai ukungu unaweza kuziba jua siku nzima. Kitambaa kilowekwe kwanza katika maji baridi, kwa kuwa maji ya moto hugandisha damu ndani ya nyuzi, kisha kifuliwe kwa sabuni na kusuuzwa mpaka maji yatoke meupe. Kianikwe juani, na binti anayeona aibu anaweza kukifunika kwa khanga nyepesi. Kukificha chini ya godoro kikiwa na unyevu huleta harufu na kuotesha ukungu kwenye kitambaa, na vyote hivyo huishia kuwasha ngozi. Jua likikosekana, kipigwe pasi ya mkaa mpaka kikauke kabisa. Ala isipigwe pasi, maana kitambaa chake cha chini kitayeyuka.

Pedi, ya dukani au ya kufua, ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6. Ya dukani isitupwe chooni, bali ifungwe kwenye karatasi na kuchomwa au kutiwa kwenye pipa la taka.

Mfundishe pia kutia alama kwenye kalenda siku damu inapoanza. Katika miaka ya mwanzo mzunguko wa siku 21 hadi 45 ni wa kawaida, na kuruka mwezi mmoja si ajabu. Maumivu ya tumbo hutulizwa kwa chupa ya maji moto iliyofungwa kwenye khanga au kwa dawa ya kawaida ya maumivu. Yakimzuia kwenda shule kila mwezi, damu ikizidi siku 7, au ikilowesha pedi nzima kila saa kwa saa kadhaa, apelekwe hospitali. Apelekwe pia asipokuwa na dalili yoyote ya matiti akifikisha miaka 13, au hedhi isipofika akiwa na miaka 15. Umri huu wa balehe ndio pia wa chanjo ya HPV dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa kwa majaribio mkoani Kilimanjaro mwaka 2014 na ambayo mwaka 2024 ilianza kutolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Kaka zake wasifukuzwe jikoni mazungumzo yakianza. Balehe yao huanza kati ya miaka 9 na 14, kwa korodani kukua, na baadaye huja sauti kukwaruza na ndoto nyevu. Wengi wao nao hupata kivimbe chini ya chuchu, ambacho kwa kawaida hupotea ndani ya miaka miwili, na wasipoelezwa huhangaika nacho kimyakimya wakidhani wameugua.