Somo: Kupunguza mizunguko katika usimamizi wa michezo shuleni

Habari za kazi, walimu. Nasimamia michezo katika kata moja huku Dodoma. Kila UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ikikaribia tunalia fungu dogo. Ni dogo kweli, lakini nilipokaa nikahesabu, kilichotuchelewesha zaidi ni kusubiri: sahihi, ufunguo wa stoo, orodha iliyorudishwa kwa makosa. Kule Toyota, mhandisi Taiichi Ohno aliuita huo upotevu: unakula muda na mteja hafaidiki. Mteja wetu ni mtoto aliye uwanjani.

Hatua ya 1: Fuata karatasi moja. Mimi nilifuata kibali cha mechi ya kirafiki kati ya shule mbili ambazo ukipiga filimbi huku, kule wanasikia. Kiliandikwa Jumatatu. Mwalimu mkuu alikuwa semina mjini hadi Jumatano, Alhamisi kikakosa mhuri, kikatoka Ijumaa saa nane mchana, mechi saa kumi. Kuandika na kusaini kote hakukufika dakika 20. Muda uliobaki karatasi ililala kwenye faili. Chora safari hiyo kwenye manila, kila kituo na muda wake. Majina ya watu usiweke, utawakosa mapema.

Hatua ya 2: Punguza vituo. Siku hizi mwalimu mkuu anasaini ratiba ya muhula mzima mara moja. Kinachorudi kwake ni mabadiliko na safari za nje ya kata tu.

Hatua ya 3: Orodha iwe moja. Jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, tarehe, namba ya Prem (ya usajili wa mwanafunzi), simu ya mzazi. Ijaze mwezi wa pili, usingoje wiki ya kambi. Tuliwahi kuwa na binti mwenye jina moja kwenye riadha na jingine kwenye netiboli!

Hatua ya 4: Stoo. Waliowahi kufanya kazi hospitali wanazijua S tano za kupanga mahali pa kazi: sasambua (yaani toa visivyohitajika), seti, safisha, sanifisha, shikilia. Tuliposasambua tulikuta mipira 11, mizima minne. Mingine imetobolewa na mbigili. Pampu ipo, sindano hakuna. Kitu cha bei ya soda kilisimamisha mazoezi wiki mbili. Sasa sindano mbili zimefungwa kwa uzi kwenye pampu yenyewe, na ufunguo wa akiba anao mwalimu wa zamu.

MASWALI

*Mwalimu, Kongwa:* Shikamoo mwalimu. Mkuu wetu anataka kila karatasi ipite kwake.

Marahaba. Usimwambie anachelewesha. Mpelekee ile manila, kaa kimya, aisome mwenyewe. Halafu omba ruhusa ya kujaribu muhula mmoja tu.

*Mdau, Chemba:* Tukipunguza sahihi, mtoto akivunjika mkono nani atajibu?

Ridhaa ya mzazi siigusi, na kisanduku cha huduma ya kwanza kinatangulia uwanjani kabla ya mpira. Ninazofuta ni zile sahihi ambazo anayesaini hasomi hata alichoandikiwa. Hizo hazijawahi kumkinga mtoto wala mwalimu.

*Mwalimu mpya, Chamwino:* Kaka, shuleni hatuna kompyuta ya kuweka hiyo orodha.

Hata mimi sikuanza nayo, mdogo wangu. Nunua kaunta buku, piga mistari, litoboe pembeni ulifunge kwa kamba kwenye mlango wa stoo. La kwanza sikulifunga. Nililikuta jikoni, mpishi kashaanza kuandikia idadi ya debe za mahindi.