Jaribu vania kwa beringi kabla ya kutoa pesa

Ukienda soko la Gikomba, Nairobi, kutafuta vania ya mtumba (kile kipimo cha taya cha kupimia upana, tundu na unene), ya kuanzia ufundi, beba beringi mpya ya saizi namba 6203 mfukoni. Vipimo vyake ni vilevile popote: nje milimita 40, tundu 17, unene 12. Kwa hiyo unajaribu taya kubwa kwa upana wa nje, na zile ndogo kwa tundu, papo hapo. Kwanza lakini zifunge taya, uinue vania juani; mwanga ukipenya katikati, mrudishie mwenyewe. Ya dijitali ikisoma 40.2 baada ya kuiweka sifuri, usikubali maneno ya "ni betri tu, bosi". Beringi iliyong'olewa kwa pikipiki haifai, huenda imelika. Na kwa vitu vya zaidi ya milimita 40, jaribio hili halikuambii kama vania itavipima sawa.