Kuona ukanda wa Kaspari kwa wembe na hadubini ya kawaida

Wanaoanza kazi hii hulaumu rangi. Wamekata mzizi wa kitunguu, wametia rangi, hawaoni kitu, basi dawa imeharibika. Mara nyingi dawa haina kosa. Wamekata mahali ambapo tabaka lenye ukanda huo bado changa. Mzizi hukua kutoka nchani, kwa hiyo ukipanda kuelekea kitunguu unakutana na seli zenye umri mkubwa zaidi.

Tunachotafuta ni hiki. Maji ya udongo na chumvi zake huweza kupita ndani ya kuta za seli bila kuingia kwenye seli zenyewe, hadi endodemisi, tabaka la ndani kabisa la kolteksi (sehemu iliyo kati ya ngozi ya mzizi na kiini chake). Hapo kila seli imefungwa mkanda wa lignini, kitu kile kinachofanya mbao ziwe ngumu, unaoziba njia hiyo. Chumvi hulazimika kuvuka utando wa seli, na utando huchagua. Robert Caspary, mtaalamu wa mimea, aliueleza mkanda huo mwaka 1865, ndiyo maana unaitwa ukanda wa Kaspari. Seli zikizeeka hujifunika pia suberini, yenye asili ya mafuta, na utando nao hutengwa na maji ya udongo.

Katika Arabidopsis, mmea uliochunguzwa zaidi, agizo la kuunda endodemisi hutoka katikati ya mzizi: protini ya SHORTROOT huhamia tabaka moja tu nje na kukamatwa na protini nyingine, SCARECROW. Baadaye protini za CASP hujipanga kwenye utando kama mshipi, na lignini hujengwa palepale.

Hatua ya 1. Weka kitunguu juu ya glasi ya maji, kitako tu kiguse. Badilisha maji mara kwa mara, usubiri mizizi ifike sentimita 10 hivi.

Hatua ya 2. Kata vipande vitatu: sentimita 1 kutoka nchani, katikati, na karibu na kitako. Kila kimoja kikae kwenye chombo chake chenye jina. Usitegemee kumbukumbu, baada ya dakika tano vyote vinafanana.

Hatua ya 3. Hapa ndipo kazi ilipo. Pasua kipande cha karoti, bana mzizi katikati, lowesha wembe mpya, kisha uuvute kuelekea kwako kwa mkupuo mmoja. Usiukandamize: mzizi utapondeka na seli za kolteksi zitapasuka. Kata thelathini ili upate vitatu vizuri. Vielee majini, na uchague kwa brashi laini vile vinavyopitisha mwanga. Kipande cha duara ni kizuri. Chenye umbo la yai kimekatwa mshazari, na kitakudanganya kuhusu upana wa kuta.

Hatua ya 4. Kwa lignini, tia tone la florogluksinoli iliyoyeyushwa katika ethanoli, kisha tone la asidi hidrokloriki kali. Vaa glavu na miwani, fanyia penye hewa, na funika kwa kioo kabla ya kusogeza lenzi, maana mvuke wake hula chuma. Tazama kwanza zailemu, mirija ya maji iliyo katikati ya mzizi: ikiwa si nyekundu, rangi haijashika. Ndipo utafute vinukta hafifu kwenye kuta za kando za endodemisi. Fanya haraka, rangi hufifia.

Hatua ya 5. Kwa suberini, chukua vipande vingine, uvitie rangi ya Sudan IV, uvisuuze kidogo kwa ethanoli hafifu. Kitunguu kina tabaka jingine, eksodemisi, chini ya ngozi ya mzizi, nayo hushika rangi hii. Usiichanganye na endodemisi.

Kwenye mizizi iliyokomaa, pengine utaona seli chache za endodemisi zisizo na suberini, hasa zinazoelekeana na zailemu. Hizo ni seli pitishi. Usizihesabu kama kasoro ya rangi. Mmea wenyewe hurekebisha kiasi cha suberini: utafiti wa mwaka 2016 kwa Arabidopsis ulionyesha kwamba upungufu wa chuma huipunguza, na upungufu wa potasiamu huiongeza. Kwa hiyo andika kwenye lebo maji uliyotumia, pamoja na umbali kutoka nchani.