Pampu ya kupoza kompyuta: usiamini namba ya kwenye karatoni

Pampu ya D5, aina moja ya pampu za kuzungusha maji ya kupoza kompyuta, huandikwa lita 1500 kwa saa. Hiyo ni pampu isiyosukuma chochote. Ukishafunga radiata mbili, bloku (kipande cha chuma kinachopitisha maji juu ya chipu) ya prosesa na ya kadi ya picha, mara nyingi utabaki na lita 200 hadi 300, na zinatosha kabisa. Kupita hapo unaongeza zaidi kelele kuliko ubaridi.

Upime mwenyewe, pampu peke yake ikiwa na umeme. Chomoa mpira unaorudi tankini, uelekeze kwenye chupa ya lita moja, mdomo wake uwe kimo kimoja na maji ya tanki. Ukiushusha, maji yatajivuta yenyewe na kipimo kitadanganya. Mtu mwingine aendelee kumimina maji tankini, maana pampu ikizunguka kavu inakufa. Chupa ikijaa kwa sekunde 18, ni lita 200 kwa saa. Sekunde 36, ni 100. Andika hiyo namba. Miezi ikipita na sekunde zikaongezeka, fungua bloku: mifereji yake ni myembamba kama wembe, inaziba upesi.

Na hapa Lubumbashi, tafadhali, maji ya robine msiyatie. Yanaacha chokaa humo humo. Tumia yaliyotoneshwa (distilled).