Sahani na mchakamchaka: kula na kufanya mazoezi ukiwa chuoni Dar es Salaam

Saa 8 mchana, kibandani kwa mama ntilie jirani na chuo, sahani ya mwanafunzi huwa hivi: wali umejaa mpaka ukingoni, maharage vijiko vitatu ambavyo nusu yake ni mchuzi, mchicha kidogo pembeni, na soda ya baridi ya kuteremshia. Tumbo linajaa. Lakini sahani hiyo ina wanga wa kutosha watu wawili na protini isiyomtosha mmoja, na kabla ya saa 12 jioni njaa imerudi, safari hii ikitafuta chipsi. Tunaanzia hapo kwenye sahani, kwa sababu mwanafunzi wa Dar hahitaji vyakula vya supamaketi wala unga wa protini wa kopo. Karibu kila anachohitaji kipo gengeni. Kinachokosewa ni vipimo.

Kupanga sahani

Tumia mkono wako kama mizani. Wanga (wali, ugali, ndizi, mihogo, chapati) usizidi ngumi mbili. Protini (maharage, mbaazi, dagaa, samaki, mayai, nyama) ijae kiganja kizima. Mboga za majani ziwe za kujaza viganja viwili ukivikusanya pamoja, na ongeza tunda moja. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Ndizi mbivu moja, chungwa moja na mafungu mawili ya mboga zilizopikwa, moja mchana na moja jioni, vinakufikisha huko au karibu sana.

Kwa mama ntilie, sema kabla hajapakua: “Mama, naomba wali nusu, maharage jaza, na mboga za majani ongeza.” Ukisema baada ya sahani kujaa, umechelewa. Penye dona na sembe, chagua dona. Sembe imekobolewa, kiini na pumba vimeondoka na vitamini nyingi pamoja na nyuzinyuzi. Dona inashibisha muda mrefu zaidi na inasaidia choo, jambo ambalo wengi wa hosteli wanaosumbuliwa na tumbo kujaa hawalihusishi na unga wanaokula.

Protini: hesabu yake

Mtu mzima anahitaji angalau gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 48. Anayefanya mazoezi ya nguvu kila wiki afikie gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kilo, yaani gramu 72 hadi 96. Yai moja lina karibu gramu 6. Kikombe cha maharage yaliyopikwa, bila kuhesabu mchuzi, kina karibu 15. Kikombe cha maziwa au mtindi kina 8, na konzi ya karanga, gramu 30 hivi, ina 7. Dagaa wakavu gramu 30 tu wanakupa kati ya 15 na 18.

Kwa hiyo mayai mawili ya kuchemsha na chapati asubuhi, wali na kikombe cha maharage mchana, ugali wa dona na dagaa jioni: umeshavuka gramu 60 bila kugusa nyama. Kijana anayepita na trei ya mayai na kachumbari anakuuzia protini nzuri kabisa. Supu ya pweza ya jioni nayo ni protini tupu yenye mafuta machache, usiitazame kama kitu cha anasa.

Dagaa wanastahili maelezo zaidi, maana wengi huwaacha kwa sababu ya mchanga na harufu, na yote mawili yanatokana na namna ya kuosha. Loweka dagaa kwenye maji ya uvuguvugu dakika 5, uwakorogekoroge kwa vidole. Usiinamishe bakuli kumwaga maji, kwa sababu mchanga uliotulia chini utarudi kwa dagaa. Wanyanyue kwa mkono uwaweke kwenye bakuli la pili lenye maji safi. Rudia mara tatu au nne, mpaka ukipitisha kidole chini ya bakuli usisikie chembe. Wachuje vizuri, kisha wakaange kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, mpaka waache kutoa mvuke na waanze kunukia. Dagaa akiingia kwenye mafuta akiwa bado na maji, anatokota badala ya kukaangika, na shombo inabaki. Sasa weka mafuta kijiko kimoja cha chakula, kitunguu, nyanya mbili, chumvi kidogo, na limau mwishoni. Kula dagaa wazima na mifupa yao, maana kalsiamu iko humo.

Chai iliyo mahali pasipo pake

Wasichana wengi hupungukiwa madini ya chuma kwa sababu ya hedhi, nao hujiona wavivu tu: ngazi za ghorofa ya tatu zinawakata pumzi, wanasoma ukurasa mara tatu hauingii. Maini, nyama nyekundu, dagaa, maharage na mboga za majani zina chuma, lakini chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida, na chai ya rangi au ya maziwa ikinywewa pamoja na chakula hukizuia zaidi. Sogeza chai, iwe saa moja kabla au saa moja baada ya mlo. Badala yake, kamulia limau kwenye maharage au kula pera au chungwa papo hapo, kwa sababu vitamini C hukisaidia chuma kuingia mwilini. Uchovu ukidumu wiki kadhaa, nenda zahanati ya chuo upimwe wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu, na tiba yake hupangwa na mhudumu wa afya baada ya kujua chanzo.

Sukari haihitaji maneno mengi. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi takribani gramu 50 kwa siku, na vizuri zaidi iwe chini ya 25. Soda ya mililita 350 peke yake ina zaidi ya gramu 35. Chai vikombe vitatu vya vijiko vitatu vitatu inafika huko huko. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea ndani ya mwezi. Vinywaji vya kuongeza nguvu vya usiku wa mtihani vina kafeini ambayo huchukua takribani saa 5 kupungua nusu. Ukinywa saa 4 usiku, saa 9 usiku nusu yake bado imo damuni, na usingizi unaoupata ni mwepesi. Kijana wa umri wako anahitaji saa 7 hadi 9.

Bumu na pasi ndefu

Bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, likiingia, wiki mbili za kwanza ni kuku na chipsi, na wiki za mwisho ni pasi ndefu: mlo mmoja saa 10 jioni, halafu basi. Anayepiga pasi ndefu hula haraka na kupita kiasi kwenye ule mlo mmoja, na akili yake mchana haishiki kitu. Wengi pia humeza dawa za maumivu kama diklofenaki tumbo likiwa tupu. Hilo ni hatari kweli, kwa kuwa dawa za kundi hilo, pamoja na bakteria wa tumboni, ndizo chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo.

Siku bumu linapoingia, kabla ya kitu kingine, nunua vya mwezi: maharage kilo 2, dagaa nusu kilo, karanga kilo 1, mchele kadiri ya mapishi yako. Kariakoo au soko lolote kubwa hupunguza bei kuliko kununua vipakti dukani kila siku. Dona nunua kilo 2 au 3 kwa mara moja, usijaze gunia, kwani mafuta ya kiini huufanya unga uchache na kuwa mchungu mapema katika joto letu. Karanga zichambue moja moja. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu tupa, maana sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kukaanga. Kisha zungumza na mama ntilie mmoja umlipe chakula cha mchana kwa wiki. Pesa iliyokwisha kulipwa haiwezi kununua chipsi.

Kama hosteli yenu inaruhusu kupika, loweka maharage usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, kisha yachemshe kwa moto mkali, yatokote kweli kweli kwa nusu saa, ndipo upunguze moto. Maharage mekundu yaliyopikwa kwa moto wa chini tangu mwanzo hubaki na sumu inayosababisha kutapika na kuharisha. Watu husingizia nazi.

Na kiporo. Wali uliobaki kwenye sufuria, juu ya meza, katika chumba kisicho na friji ambacho usiku wa Januari kina nyuzi 27, ni hatari kuliko unavyonusa. Bakteria walionusurika kwenye kupika huzaliana na kuacha sumu ambayo kupasha moto asubuhi hakuiui. Baada ya saa mbili nje, wali huo haufai. Pika kinachotosha mlo mmoja, au gawana na wa chumba cha jirani usiku ule ule.

Mwili: anza na ulichonacho

Lengo la mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Wastani maana yake unaweza kuongea, lakini huwezi kuimba. Kutembea haraka kupanda kilima cha Mlimani kunahesabika. Kushuka daladala vituo viwili kabla, dakika 15 kwenda na 15 kurudi, siku tano, tayari ni dakika 150.

Ukitaka kukimbia, kosa kubwa ni kuanza kama mchakamchaka wa shule: siku ya kwanza kilomita 5, siku ya tatu muundi unauma, wiki ya pili umeacha. Moyo na mapafu huzoea haraka kuliko mifupa na kano. Wiki mbili za mwanzo tembea haraka dakika 30, siku tano. Wiki ya 3 na ya 4, siku tatu kwa wiki, kimbia dakika 1 tembea dakika 2, mara 8. Wiki ya 5 na ya 6, kimbia dakika 3 tembea dakika 1, mara 6. Baada ya hapo usiongeze zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa wiki. Maumivu yanayotulia mwili ukipata moto ni ya kawaida. Yanayozidi kadiri unavyokimbia, au yaliyo kwenye nukta moja ya mfupa ukibonyeza, yanataka upumzike na upimwe.

Dar ina joto na unyevu, na unyevu ndio unaosumbua: jasho linatiririka badala ya kukauka, kwa hiyo halikupoozi. Kimbia kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi. Jipime uzito kabla na baada ya kukimbia mara moja uone. Kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho, irudishe kidogo kidogo kwa lita moja na robo hadi moja na nusu ya maji, pamoja na chakula chenye chumvi ya kawaida. Ukisikia kizunguzungu, kichwa kuuma au kichefuchefu, simama, kaa kivulini, jimwagie maji. Mwenzako akianza kuongea ovyo au kuanguka, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni na mumkimbize hospitali. Wasichana, na hata wavulana, kama hapajapambazuka vizuri kimbieni wawili au zaidi.

Viatu vya mtumba vinafaa ukijua kuchagua. Kikunje: kijikunje penye vidole, na kikikunjika katikati kimekwisha. Bonyeza soli ya kisigino kwa dole gumba, irudi. Angalia gundi pembeni, ile iliyokauka na kupasuka huachia njiani.

Mazoezi ya nguvu ni chumbani. Begi la mgongoni lenye chupa nne za maji za lita 1.5 ni kilo 6. Livae uchuchumae mara 12: visigino visinyanyuke, magoti yaelekee vidole na yasikutane kwa ndani. Pushapu 8, na zikikushinda sakafuni weka mikono ukingoni mwa kitanda. Kiuno kikianza kulegea chini, seti imekwisha hata kama hesabu haijafika. Inama, vuta begi kwa mkono mmoja kuelekea kiunoni, mara 10 kila upande. Kisha planki (jiinue kifudifudi kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka) sekunde 30. Zungusha yote mara tatu, pumzika dakika moja kila mzunguko, Jumanne na Ijumaa. Ukifika hesabu na bado unaweza kuongeza tatu, ongeza chupa. Masika yakikufungia ndani, panda na kushuka ngazi za hosteli dakika 10 badala ya mbio.

Mwezi wa Ramadhani, anayefunga asogeze mazoezi ya nguvu saa moja au mbili baada ya futari, na matembezi mepesi yawe kabla yake. Daku iwe na mayai au maharage na maji ya kutosha. Chai na maandazi peke yake havikufikishi adhuhuri. Mwenye selimundu, pumu au ugonjwa wa moyo azungumze na daktari kwanza kuhusu kiasi, na mwenye selimundu asikimbie kwenye jua kali wala asikae na kiu hata siku moja.