Sura 24 za Luka kabla ya Noeli

Wazazi wenzangu wa Goma mnaofundisha watoto nyumbani, Desemba msifunge daftari zote. Injili ya Luka ina sura 24: anzeni tarehe 1, sura moja kila jioni, mkesha wa Noeli mnamaliza. Ya kwanza ina aya 80, igaweni asubuhi na jioni, la sivyo mdogo atasinzia kabla Zakaria hajatoka hekaluni. (Wetu alisinzia.) Kuzaliwa kwa Yesu kunafika tarehe 2, mapema mno, kwa hiyo tarehe 24 sisi huirudia sura hiyo. Mkubwa asome kwa sauti, wa kati anakili aya moja. Hesabu? Bei za sikukuu kwa faranga: mchele, sambaza (samaki wadogo wa ziwani), makala (mkaa). Pango la Noeli tunajenga kwa mawe meusi ya volkano ya hapo uani. Ni ya bure, ila yanakwaruza vidole.